Dakika Tatu za Sahani

Mwezi Machi 1928 Siti binti Saad na wenzake walikuwa Bombay, wakiimba mbele ya mtambo wa kampuni ya Gramophone, yenye nembo ya His Master's Voice. Pwani nzima inaijua habari hiyo, na Shaaban Robert alimwandikia Siti wasifu unaosomwa hadi leo. Kinachosahauliwa ni kwamba kila wimbo ulioimbwa pale ulipaswa kwisha kabla sindano haijafika katikati ya sahani. Sahani ya inchi 10, izungukayo takribani mara 78 kwa dakika, ilibeba kama dakika tatu kwa kila upande. Ya inchi 12 ilifika nne na ushei.

Hoja ya toleo hili ndiyo hiyo. Muziki wa kale tuliorithi katika santuri ni ule ulioenea katika santuri, na hatuwezi kuuhukumu bila kukijua chombo kilichoubeba.

Aliyewahi kukaa katika ukumbi wa taarab anajua dakika tatu hazifiki popote. Ala huanza peke yake, mwimbaji huingia bila haraka, mtu akiinuka kutunza ubeti hurudiwa, na fidla nayo hudai nafasi yake. Mbele ya mtambo mambo hayo yalilazimika kupunguzwa. Mtafiti anayesikiliza sahani ya 1928 kisha akahitimisha kwamba wazee wetu walipenda nyimbo fupi, anampima mwimbaji kwa kipimo cha kiwanda. Tunaipinga hukumu hiyo.

Kipimo chenyewe kilitokana na ufundi. Mwaka 1877 Thomas Edison aliinasa sauti kwenye karatasi ya bati iliyovishwa silinda, na karatasi hiyo ikachakaa baada ya kuchezwa mara chache. Silinda za nta zilizofuata zilidumu zaidi, ila kwa miaka mingi hazikuwa na njia nzuri ya kunakiliwa: mwimbaji alisimama mbele ya pembe kadhaa akaurudia wimbo uleule, na kila mara zikapatikana silinda chache tu. Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, alileta sahani bapa mwishoni mwa miaka ya 1880. Chapa moja ya chuma iliweza kugonga nakala kwa mamia, na biashara ya santuri ikapata miguu.

Nakala hizo baadaye zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wadogo waishio mitini India, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi. Unga wa mawe uliinoa ncha ya sindano ya chuma hadi ilingane na mfereji. Ndiyo maana sindano ilitakiwa kubadilishwa kila upande ulipokwisha. Asiyeibadilisha aliikwangua sauti yenyewe. Shika sahani kuukuu uielekeze kwenye mwanga: ikiwa mifereji imegeuka kijivu, ujue wimbo huo ulipendwa. Zinazong'aa kwa weusi aghalabu ni zile zilizolala kabatini. Kwangu mimi rangi hiyo ni ushahidi wa wasikilizaji ambao hakuna aliyewahi kuwauliza maoni yao.

Hadi 1925 sauti ilikusanywa kwa pembe, bila umeme. Mwimbaji alilazimika kupaza sauti, na ngoma ziliwekwa mbali zisije zikairusha sindano. Mwaka huo kampuni kubwa zikaanza kutumia maikrofoni, na sauti za chini zikapata pa kukaa. Safari ya Bombay ilikuja miaka mitatu tu baadaye. Ingetangulia miaka mitano, tungekuwa na Siti mwingine masikioni.

Cairo nako Umm Kulthum alianza kwa nyimbo za kupimiwa na sahani. Redio ilipoanza kurusha matamasha yake katika miaka ya 1930, wimbo mmoja ukaweza kunyooka hadi karibu saa nzima. Mwaka 1948 ilitoka sahani ndefu ya vinili, yenye dakika 20 na zaidi kwa upande, na mwaka uliofuata ikaja ndogo ya mizunguko 45. Hii ndogo ndiyo iliyotawala kwetu. Wanamuziki wa Kongo waliigawa vizuri ajabu: maneno upande wa kwanza, sebene upande wa pili, na mchezaji akapumzika wakati sahani inageuzwa.

Makala za toleo hili zinaisikiliza santuri kwa namna hiyo, chombo na sauti pamoja. Nanyi wasomaji mlio na sahani za shelaki nyumbani, zisimamisheni wima, msizirundike, kwa maana huvunjika kama vigae. Kisha tuandikieni jina la wimbo, rangi ya lebo, na namba iliyogongwa karibu na lebo hiyo. Kwa namba hiyo mara nyingi huwezekana kujua wimbo ulirekodiwa katika kikao gani, hata pale jina la mwimbaji lilipofutika.