Masikio Mawili Yasiyo na Somo

Sauti hufundishwa katika shule zetu za sekondari na masomo mawili, na kila somo huchukua nusu yake. Fizikia hushughulika na wimbi: mwendo wake, urefu wake, mwangwi wake. Bayolojia hushughulika na sikio: ngoma yake, vijifupa vyake vitatu, na koklea yake iliyojiviringa kama konokono. Baada ya hapo daftari hufungwa. Swali la kwa nini binadamu ana masikio mawili wala si moja halina mwalimu. Kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa, na la ajabu zaidi ni kwamba wanafunzi wetu wamekwisha kulikaribia jibu kwa kupitia mlango ambao si sisi tuliowafungulia, yaani mlango wa kibanda cha michezo ya video.

Simtetei mwanafunzi anayemaliza nauli yake kibandani. Nasema tu kwamba ndani ya kile kifaa anachokivaa kichwani mna fizikia ambayo vitabu vyetu vimeisahau. Hedifoni za mashine za michezo huuzwa katika maboksi yaliyoandikwa 7.1, maana yake spika saba zinazomzunguka msikilizaji pamoja na moja ya sauti nzito. Anayezivaa husikia nyayo za adui zikimjia kutoka nyuma ya bega la kushoto, akageuka. Lakini zifungue nyingi ya hedifoni hizo, nawe utakuta spika mbili tu, moja kwa kila sikio. Hizo nyingine zi wapi? Jibu ni kwamba hazipo, wala hazihitajiki.

Tuanze na jambo linalofahamika na kila mkazi wa Rungwe. Asubuhi ya ukungu, mtu aliyesimama njiani kati ya migomba husikia pikipiki kabla ya kuiona, naye hujua mara moja asogee upande gani. Ikiwa pikipiki iko kuliani, sauti hufika kwanza sikio la kulia, kisha huzunguka kichwa kulifikia la kushoto. Njia hiyo ya ziada ni kama sentimita 22 tu. Katika hewa ya Tukuyu yenye joto la nyuzi 17 za sentigredi, sauti husafiri takriban mita 341 kwa sekunde. Kwa hiyo sikio la kushoto huchelewa kwa sekunde 0.00065 hivi. Muda huo ni mdogo mno, lakini ubongo huupima. Huweza hata kutambua tofauti ndogo zaidi ya hiyo mara hamsini na zaidi.

(Hapa yafaa kuondoa kosa moja linalorudiwa mara nyingi. Sauti huenda polepole zaidi Tukuyu kuliko Kyela, kule chini ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Lakini sababu si wepesi wa hewa ya mlimani. Sababu ni baridi. Hewa ya Kyela ikiwa na nyuzi 28, mwendo wa sauti ni kama mita 348 kwa sekunde. Lau joto lingekuwa sawa, mwinuko peke yake usingeleta tofauti ya kutajika.)

Kuchelewa huko hakutoshi. Sauti nzito yenye mitetemo 200 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa mita 1.7, nalo huzunguka kichwa bila taabu. Sauti nyembamba yenye mitetemo 5,000 ina wimbi lisilofika sentimita saba; hilo huzuiwa na kichwa, na sikio la upande wa pili hubaki kivulini. Mwingereza Lord Rayleigh aliyaeleza mambo haya mawili kwa pamoja mwaka 1907: kwa sauti nzito tunategemea tofauti ya wakati, na kwa sauti nyembamba tunategemea tofauti ya nguvu.

Lakini je, sauti iliyo mbele kabisa na ile iliyo nyuma kabisa? Zote hufika masikio yote mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu ile ile. Hapo ndipo inapoonekana kazi ya mikunjo ya sikio la nje, ambayo wengi hudhani ni pambo. Mikunjo hiyo hurudisha baadhi ya sauti nyembamba na kuzififisha nyingine, na namna inavyofanya hivyo hubadilika kadiri sauti inavyotoka mbele, nyuma, juu au chini. Ubongo umejifunza alama hizo tangu utotoni. Mwaka 1998 wataalamu wa Uholanzi walichapisha habari ya watu waliowekewa vibandiko maalumu ndani ya mikunjo ya masikio yao. Mara moja wakashindwa kujua kama sauti iko juu au chini. Baada ya majuma kadhaa wakajifunza upya, na vibandiko vilipoondolewa hawakuwa wamesahau masikio yao ya zamani.

Basi mashine ya michezo hufanya nini? Huichukua sauti ya kila nyayo na kuipitisha katika hesabu zinazoiga kazi ya kichwa na mikunjo ya sikio: huichelewesha upande mmoja, huipunguza, huififisha pale ambapo sikio lingeififisha. Kisha hujumlisha zote katika spika mbili. Ngoma za masikio zikipokea mtetemo ule ule ambao zingeupokea kwa sauti ya kweli, ubongo hauna njia ya kupinga. Wazo lenyewe si la juzi. Mwaka 1881, katika maonyesho ya umeme mjini Paris, Clément Ader aliwasikilizisha watu michezo ya jukwaani kwa simu mbili, moja kwa kila sikio, nao wakajua mwimbaji amesimama upande gani.

Kasoro ya ufundi huu ni kwamba masikio si yako. Vipimo vilivyotumiwa sana vilichukuliwa mwaka 1994 katika chuo cha MIT, Marekani, kwa sanamu la kichwa na kiwiliwili lenye vinasa sauti masikioni, lililotengenezwa kwa wastani wa maumbile ya watu wazima. Ambaye masikio yake hayafanani na wastani huo husikia ya mbele kama ya nyuma, au husikia kila kitu ndani ya fuvu lake. Ndiyo maana PlayStation 5 ilipotoka mwaka 2020 ilimpa mchezaji nafasi ya kuchagua kati ya vielelezo vitano vya masikio. Na kwa kuwa hesabu hufanywa ndani ya mashine, hedifoni yoyote nzuri ya kawaida yaweza kuitumikia. Mwanafunzi anayejua hayo hatalipa fedha za ziada kwa sababu ya tarakimu iliyochapwa kwenye boksi.

Hata hivyo fedha za hedifoni si jambo linalonisumbua. Linalonisumbua ni darasa.

Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na madarasa yetu yameezekwa kwa bati. Mvua inapopiga, mwenye masikio mawili bado huweza kuiokota sauti ya mwalimu katikati ya kelele, kwa kuwa sauti hiyo hutoka mahali pamoja ilhali kelele hutoka kila mahali, na ubongo huzitenga kwa tofauti zile zile tulizozieleza. Mtoto ambaye sikio lake moja limeharibika, labda kwa ugonjwa wa kutoka usaha ambao haukutibiwa, hana uwezo huo. Siku ya jua anasikia vizuri, anajibu vizuri, wala hapana anayemshuku. Siku ya mvua anakuwa mzito. Akiitwa jina kutoka kushoto hugeukia kulia, na wenzake hucheka. Sisi walimu tumemwita mzembe, tukamwita mkaidi, na wengine tumemwadhibu. Mwalimu angemtambua mtoto huyo lau angefundishwa kazi ya masikio mawili. Lakini hakufundishwa, kwa sababu fizikia iliiachia bayolojia, na bayolojia ikaiachia fizikia.

Ninalopendekeza halihitaji maabara. Chukua mpira wa maji wenye urefu wa mita mbili, utie alama katikati yake. Mwanafunzi ashike ncha moja kwenye kila sikio, bila kuisukuma ndani, mpira ukipita nyuma ya mgongo wake. Mwenzake agonge taratibu kwa penseli, mara kushoto mara kulia ya alama. Kugonga sentimita moja tu kutoka katikati huleta tofauti ya njia ya sentimita mbili, yaani sekunde 0.00006, na wanafunzi wengi wataitaja pande sahihi. Kisha wafumbe macho, mtu achezeshe funguo mbele na nyuma yao, kwanza masikio yakiwa wazi, halafu mikunjo yake ikiwa imelazwa kwa vidole. Somo zima ni la kipindi kimoja.

Na katika kipindi hicho, mwanafunzi asiyeweza kutaja upande hata penseli ikigonga umbali wa shibiri kutoka kwenye alama, asichekwe. Jaribio hili si uchunguzi wa daktari. Mzazi aitwe na mtoto apelekwe hospitali. Wakati akisubiri zamu yake huko, ahamishiwe dawati la mbele, lile lililo kando ya ukuta, sikio bovu likielekea ukutani na sikio zima likimwelekea mwalimu.