Fundi Ataje Bei Yake



Hapa Kapalamsenga, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Mpanda na vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, liko neno moja linalomaliza majadiliano kati ya fundi na mwenye kazi. Neno hilo ni "utanifikiria." Seremala aulizwapo bei ya mlango huinamisha kichwa na kusema, "Wewe mwenyewe utanifikiria, mzee." Mshonaji aliyeletewa kitenge na shemeji yake hujibu vivyo hivyo. Jibu hilo lina adabu ndani yake, nasi hatuidharau adabu. Lakini chini ya adabu hiyo imejificha dhuluma ambayo mara nyingi anayeitenda hajui kwamba anaitenda, na anayetendewa haoni kwamba ana haki ya kulalamika.

Tuchukue mfano wa mlango mmoja wa mninga. Tuseme mbao zimemgharimu seremala shilingi 60,000. Bawaba, misumari, gundi na msasa shilingi 12,000. Na usafiri wa kuzifikisha mbao shilingi 3,000. Jumla ni 75,000. Mwenye nyumba "amemfikiria" akampa 90,000, naye fundi anarudi nyumbani akijiona amepata 15,000. Kazi hiyo ilimchukua siku tatu, maana yake ni shilingi 5,000 kwa siku. Hata hizo si zake zote, kwa kuwa msumeno unadai tupa na randa inalika. Tena miezi ya mvua ikifika, watu wote wako mashambani na hakuna anayeagiza mlango. Ikiwa katika mwezi anapata kazi siku 15 tu, basi zile 5,000 zimekuwa 2,500 kwa kila siku ya mwezi. (Watoto hawali kwa kufuata siku za maagizo.)

Sasa mlinganisheni fundi huyo na mtu aliyeajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Mchango wake katika NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hana ruhusa ya kumkata zaidi ya nusu ya mchango huo. Akiumia kazini, uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, ambao huchangiwa na mwajiri. Fundi anayejitegemea hana mwajiri wa kumchangia chochote katika hayo. Likizo yake, ugonjwa wake, uzee wake na kidole chake kitakachokatwa na msumeno, vyote vinapaswa kutoka katika bei ya mlango. Kwa hiyo anayesema kwamba fundi ni ghali kwa sababu anadai zaidi ya kibarua wa siku moja, hajapiga hesabu.

Injili imekwisha kuligusa jambo hili. Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20, tumezoea kuutazama wema wa mwenye shamba mwishoni mwa siku, tukasahau alivyoianza asubuhi. Wale wa kwanza alipatana nao kwanza, ndipo wakaingia shambani. Hakuna aliyeinama kufanya kazi bila kujua ujira wake. Na wale wa saa kumi na moja hawakuwa wavivu. Walikaa sokoni kutwa kwa sababu hakuna aliyewaajiri, naye akawapa ujira wa siku nzima, kana kwamba na siku yao ya kungoja ilikuwa na thamani mbele yake. Fundi wa Kapalamsenga anayeijua miezi ya mvua ataielewa sehemu hiyo upesi kuliko wataalamu wengi.

Mafundisho ya Kanisa yamelieleza jambo hilo kinaganaga tangu Papa Leo wa 13 alipotoa waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891. Alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Mtu akikubali malipo hafifu kwa kusukumwa na shida au hofu, huyo amelazimishwa, hata kama alitikisa kichwa kukubali. Basi mwenye kazi asijitetee kwa kusema, "Mbona mwenyewe alikubali?" Alikubali kwa sababu ada ya mtoto ilikuwa inangoja.

Hapa hatuna budi kujisema wenyewe, sisi tulio katika halmashauri za walei na kamati za ujenzi. Kanisa nalo hutumia neno "kujitolea" kwa njia isiyo ya haki. Kigango kinajenga, mfanyabiashara wa saruji analipwa fedha yake kamili, mwenye lori analipwa, lakini mwashi, ambaye ni maskini kuliko wote wawili, anaambiwa kwamba Mungu atamlipa. Sadaka ni ile anayoitoa mtu mwenyewe kwa hiari yake. Inayodaiwa hadharani, mbele ya jumuiya nzima, kwa mtu asiyeweza kukataa bila aibu, ni kodi, tena imewekwa juu ya bega lililo dhaifu. Mwashi akipenda kutoa siku mbili za kazi yake kwa Bwana, na atoe, lakini kwanza bei yake ijulikane, ili na sadaka yake ijulikane ukubwa wake.

Akina mama wanaumia zaidi. Mama anayeshona sare za kwaya, anayesuka nywele za bibi arusi, au anayepika katika harusi ya watu mia tatu, kazi yake huitwa "msaada," na malipo yake huwa sabuni na shukrani. Akitaja bei husemwa kwamba amebadilika, amekuwa wa mjini.

Eneo letu lina sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Wamisionari wa Afrika walipofika Karema mwaka 1885, katika nchi hizi binadamu alikuwa bado anauzwa. Adrian Atiman, aliyetekwa utotoni huko Afrika Magharibi, akauzwa na baadaye akakombolewa, alisomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889, na huko alihudumia wagonjwa kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 1956. Kanisa lilifundisha mwambao huu kwamba mtu hana bei. Watu wengine wamelisikia fundisho hilo vibaya, wakadhani kwamba na kazi ya mtu haina bei.

Fundi naye ana wajibu wake. Anayechukua fedha za awali kwa watu watano na kuanza kazi ya mmoja, au anayepandisha bei kwa mjane kwa kuwa hajui bei ya mbao, anawaharibia mafundi wenzake wote. Kadhalika fundi anayemtumikisha mwanafunzi wake miaka mitatu bila hata fedha ya sabuni hana kinywa cha kudai haki kwa tajiri.

Tunashauri bei itajwe kabla msumeno haujashikwa, tena iandikwe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, huyatambua hata mapatano ya mdomo, lakini mbele ya Mahakama ya Mwanzo neno la mdomo huhitaji mashahidi. Karatasi ya daftari yenye majina mawili, kazi, bei, tarehe na sahihi inatosha. Na mafundi waliojifunza kazi kwa baba au mjomba wao wafahamu kwamba VETA ina utaratibu wa kuwapima waliojifunza nje ya vyuo na kuwapa cheti.

Tunaziomba jumuiya ndogo ndogo zilizungumze jambo hili katika mikutano yao. Nazo kamati za ujenzi, kabla ya kuanza kupanga matofali mvua zitakapokatika, zimwite mwashi, zimuulize bei yake, na zisikubali jibu la "mtanifikiria."