Dharura Isiyokufa

Filamu ya Highlander II: The Quickening, iliyotoka mwaka 1991, imebaki kuwa mfano unaotajwa kila watu wanapozungumzia namna ya kuiharibu hadithi nzuri. Filamu ya kwanza, ya mwaka 1986, ilisimulia habari za mashujaa wasiokufa ila kwa kukatwa kichwa, wanaowindana karne hadi karne mpaka abaki mmoja. Asili yao haikuelezwa, na fumbo hilo ndilo lililoipa hadithi uzito. Ya pili ikaja kutuambia kwamba watu hao walitoka sayari nyingine iitwayo Zeist. Lawama zilikuwa nyingi, hata mwongozaji wake, Russell Mulcahy, baadaye akaitoa upya akiwa ameiondoa sayari hiyo. Sina nia ya kuitetea. Hata hivyo, chini ya kifusi hicho imefukiwa hoja ya kisiasa inayostahili kufukuliwa.

Katika filamu hiyo, mwishoni mwa karne ya 20 tabaka la ozoni limetoweka na watu wanakufa kwa miali ya jua. Connor MacLeod anasimamia ujenzi wa ngao ya nishati inayoifunika dunia nzima. Ngao inaokoa maisha, lakini anga linafumbwa, joto linakaba, na hakuna aonaye tena jua wala nyota. Ifikapo mwaka 2024, ngao imo mikononi mwa kampuni inayotoza ada kwa huduma hiyo. Mwanaharakati Louise Marcus anagundua kwamba juu ya ngao mionzi imekwisha kurudi katika hali ya kawaida. Kampuni inajua, na inanyamaza, kwa sababu kutangaza kwamba hatari imekwisha ni kutangaza kwamba mapato yamekwisha.

Kwa maoni yangu, asiyekufa wa kweli katika hadithi hii ni dharura yenyewe. MacLeod na hasimu wake, Jenerali Katana, wana shingo, na shingo hukatwa. Dharura haina shingo. Tazama pia Katana anafanya nini anapofika duniani: anajipenyeza ndani ya kampuni ile ile. Hana haja ya kujenga dola jipya, kwani analikuta limekwisha kujengwa, tena na mtu mwema, kwa nia njema. Ndiyo maana swali la kwamba nani ameshika mamlaka ya dharura leo halitoshi. Tuulize pia nani atayarithi kesho.

Mifano halisi haiko mbali. Misri iliwekwa chini ya hali ya dharura Oktoba 1981, baada ya kuuawa kwa Rais Anwar Sadat. Hali hiyo iliendelea hadi Mei 2012. Mtoto aliyezaliwa siku ilipotangazwa alifikisha miaka 30 bila kuishi chini ya sheria za kawaida. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa miongo mitatu, na wenyeji ndio waliolima.

Yupo atakayesema kwamba kuiwekea dharura tarehe ya mwisho ni kuifunga serikali mikono wakati wa hatari. Sikubaliani naye, kwa kuwa tarehe ya mwisho haizuii kuongeza muda; inamlazimisha mwenye mamlaka athibitishe kwamba hatari bado ipo. Lakini nakiri kwamba tarehe peke yake haitoshi. Huko Misri bunge liliongeza muda mara kwa mara. Kinachokosekana mara nyingi ni kile kilichokosekana katika filamu: kipimo kilicho nje ya mikono ya anayenufaika.

Hapa ndipo historia ya ozoni yenyewe inapotufundisha kuliko filamu. Dunia haikujenga ngao. Mwaka 1987 mataifa yalitia saini Itifaki ya Montreal ya kuondoa kemikali zilizokuwa zikitumika katika majokofu na makopo ya kupulizia. Sekretarieti yake iko Nairobi, na mwaka 2016 nchi wanachama zilikutana Kigali kuipanua. Itifaki hiyo inataka hatua zake zitathminiwe na wataalamu angalau kila baada ya miaka 4, na matokeo yatangazwe. Tathmini iliyotolewa Januari 2023 ilikadiria kwamba sehemu kubwa ya dunia itarudia kiwango cha ozoni cha mwaka 1980 ifikapo takriban 2040. Kila mtu anaweza kuisoma taarifa hiyo. Hakuhitajika mwanaharakati wa kupenya usiku kwenda kuiiba.

MacLeod anaivunja ngao kwa nguvu anazozipata baada ya kumkata kichwa Katana. Sisi hatuna upanga huo. Tuna rasimu za sheria, na baadhi yenu mnaosoma makala haya ndio mnaoziandika. Kila tozo ya muda, kila katazo la muda na kila mamlaka ya muda yaandikiwe mambo mawili: siku ya kukoma, na jina la chombo huru kitakachopima kama hatari ingalipo. Wakati wa kuyaandika ni siku ya kwanza, kabla kampuni haijazoea mapato.