Mgonjwa wa Nyonga Asilazwe kwa Huruma

Mume wangu aliporudi nyumbani na nyonga bandia, waliokuja kumpa pole walinikuta namhimiza ainuke, na wengi hawakupendezwa. "Wifi, mwache kaka apumzike, mfupa umekatwa huo." Kauli hiyo ilitoka kwa watu wanaompenda. Hata hivyo ni potofu, tena ina madhara.

Najua ilikotoka. Wengi wetu tumemwona ndugu aliyevunjika paja katika ajali ya bodaboda, kalazwa wiki kadhaa, mguu ukivutwa kwa uzito ulioning'inizwa mwisho wa kitanda. Huyo alitulizwa kwa sababu mfupa ulisubiriwa uunge. Anayewekewa nyonga bandia kwa sababu ya baridi yabisi hakuvunjika. Gegedu lake lilisagika hadi mifupa ikawa inasuguana. Daktari akaondoa kichwa cha paja kilichoharibika, akaweka cha chuma au kauri kinachozunguka ndani ya kikombe kipya. Kwa kawaida kiungo hicho huweza kubeba mwili siku ileile au kesho yake, ndiyo maana wauguzi humsimamisha mgonjwa mapema. Tangu John Charnley alipouimarisha upasuaji huu Uingereza mwaka 1962, shabaha imekuwa kumrudisha mtu kwenye mwendo.

Hatari iko kitandani. Mguu usipotikiswa, damu huweza kuganda kwenye mishipa, na bonge likifika kwenye mapafu huweza kuua. Misuli ya paja na makalio, iliyokwisha nyong'onyea kwa miaka ya kuchechemea, huzidi kulegea, nayo ndiyo inayoishikilia nyonga mpya.

Yapo yanayokatazwa kweli kwa wiki za mwanzo, kutegemea daktari alipitia upande gani: kuketi chini mkekani, kuchuchumaa chooni, kukunja nne, kuinama kuokota ndala. Nyonga huweza kuchomoka. Nimeona jamaa wanaomzuia mgonjwa kutembea wakimsogezea kigoda akae, jambo la hatari kuliko hatua ishirini ukumbini. Huruma yao ingefaa kumtafuta seremala apandishe kitanda, au kununua kiti cha kuweka juu ya choo. Mwenye kuswali aswali kwenye kiti kirefu. Fimbo ishikwe upande wa mguu mzima. Ngazi ipandwe kwa kutanguliza mguu mzima, ishukwe kwa kutanguliza uliopasuliwa.

Nimeulizwa kama sioni anavyoumia. Naona, na inaniuma. Ndiyo maana hupewa dawa ya maumivu kabla ya mazoezi, tukaenda polepole, tukapumzika, tukaendelea. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, hapo ni kukimbilia hospitali. Uchungu wa kawaida wa mshono si sababu ya kumlaza mtu mchana kutwa.

Ukienda kumjulia hali mgonjwa wa nyonga, muulize mwenzi wake saa ya mazoezi. Fika saa hiyo, umsindikize mgonjwa hadi mlangoni na kurudi.