Mirihi, kupanda si kazi

Na Salma Mwinyikai

Ukiuliza kama roketi ndogo ya karatasi ngumu, ile ya baruti inayorushwa na wanafunzi, ingeruka kwenye sayari ya Mirihi, wengi watakujibu kwamba haiwezi, kwa kuwa huko hakuna oksijeni ya kuwashia moto. Hoja hiyo haina mashiko. Baruti hubeba oksijeni yake yenyewe ndani ya shura, na ndiyo maana huwaka hata ikifungiwa kwenye ganda. Kazi ni kuiwasha tu katika baridi ile. Ikishawaka, mambo yote yanaipendelea: mvutano wa Mirihi ni asilimia 38 ya ule wa dunia, na hewa inayoipunguzia mwendo hapa, huko ni nyepesi kama mara 60.

Ninachobishia ni shangwe inayofuata hesabu hiyo. Hewa tunayoilaumu kwa kuizuia roketi ndiyo hiyohiyo inayoinyoosha. Mapezi ya mkiani hayafanyi lolote mpaka upepo uyasukume, na nguvu ya upepo huo hutegemea uzito wa hewa na mraba wa mwendo. Roketi inayotulia hapa ikiacha fimbo yake ya kurushia kwa mita 15 kwa sekunde, Mirihi ingehitaji kama mita 115. Fimbo ya mita moja haiwezi kuifikisha huko, kwa hiyo itayumba, na huenda ikalala kabla mapezi hayajashika. Kushuka ndiko balaa zaidi. Mwavuli unaoiteremsha hapa kwa mita 5 kwa sekunde, kule ungeibamiza chini kwa mita 24, yaani zaidi ya kilomita 85 kwa saa. Kuurudisha upole ule kunataka kipenyo cha mwavuli kizidishwe karibu mara 5, halafu uutafutie nafasi ndani ya bomba lenye unene wa kidole gumba!

Mbishi atanitajia Ingenuity, helikopta ya NASA iliyoruka huko mara 72 kati ya 2021 na 2024. Sawa, lakini ilikuwa na kilo 1.8 tu, na mapanga yake yalizunguka zaidi ya mara 2,400 kwa dakika. Ilijitengenezea upepo ingali chini. Pezi halina uwezo huo. Tena Perseverance, gari lililoibeba, lilikuwa na mwavuli wa kipenyo cha mita 21.5, na bado lilipouachia lilikuwa likishuka kwa takriban kilomita 320 kwa saa, ikabidi injini za roketi zimalizie kazi. Mwanafunzi anayebuni ya kwake basi aifanye izunguke tangu kwenye fimbo, mapezi ayapunguze, na uzito wa mwavuli autumie kwa injini ya pili, ya kutulia.