Kadi ya Sauti Haipiki Mdundo

Kijana anayetaka kurekodi nyumbani kwake, awe Mbagala au Kayole, huingia Kariakoo au Luthuli na akiba ya miezi kadhaa, akatoka na kadi ya sauti ambayo nusu ya sifa zake hatazitumia. Si lazima awe ametapeliwa. Kuna madai kuhusu kadi hizi yanayozunguka kati ya wauzaji, mafundi na maprodyuza wenyewe, na kila moja lina chembe ya ukweli inayolifanya lisadikike. Nayajibu hapa kwa sababu pesa inayopotea kwenye kadi ingenunua maiki nzuri, na maiki ndiyo inayosikika kwenye wimbo.

Dai linaloniudhi kuliko yote ni kwamba kadi ya bei kubwa huufanya mdundo uwe mzito na msafi. Sivyo. Ukipanga kiki, besi na kinanda ndani ya FL Studio au programu nyingine yoyote, kazi yote hufanywa na prosesa ya kompyuta. Mwangwi, kompresa, otochuni, vyote ni hesabu za prosesa, isipokuwa kwa kadi chache za bei ya juu zenye chipu yake ya kuendeshea programu za kampuni iliyozitengeneza. Na unapoutoa wimbo kuwa faili la WAV, hakuna kipande hata kimoja cha sauti kinachopita kwenye kadi. Ichomoe kabisa, utoe wimbo upya kwa mpangilio uleule, na utapata wimbo uleule. Kadi inahusika na mambo mawili tu: sauti inayoingia kutoka nje, na sauti inayotoka kwenda kwenye hedfoni au spika zako. Hilo la pili lina uzito wake, maana ukisikia vibaya utamiksi vibaya. Lakini mwenye spika za kuungaunga katika chumba kisicho na hata pazia hatasikia tofauti ya kadi, atasikia chumba.

Halafu kuna namba. Boksi limeandikwa 192, na muuzaji anaweka kidole hapohapo. Namba hiyo ni kilohezi: kadi hulipima wimbi la sauti mara 192,000 kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi kama hezi 20,000, na ili kunasa masafa yoyote inatosha kuyapima zaidi kidogo ya mara mbili yake. Ndiyo maana CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, zilipangiwa kilohezi 44.1, kiwango kinachofika hezi 22,050. Kinachoongezeka kwenye 192 ni mzigo. Njia moja ya biti 24 kwa kilohezi 48 hula takribani megabaiti 8.6 kwa dakika. Kwa 192 hula zaidi ya 34. Wimbo wa dakika nne wenye njia 20 unatoka megabaiti 700 hadi karibu gigabaiti 2.8. Kwenye laptopu ya mtumba yenye diski ya zamani, hapo ndipo mikwaruzo na kukwamakwama kunapoanzia, kisha lawama inaangukia kadi.

Kuhusu biti, hapo nakubaliana na wauzaji. Biti 16 hutoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Biti 24, kwa karatasi, hutoa 144, ingawa hakuna kadi inayozifikia kweli. Rekodi kwa 24. Faida yake ni kwamba unaweza kumwachia msanii nafasi: weka kilele kwenye desibeli 12 chini ya ukomo, na akipandisha sauti ghafla kwenye kiitikio haitapasuka. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairudi, hata umlipe fundi gani. Kadi nyingi za bei ya chini sasa zina biti 24, kwa hiyo hata hili si sababu ya kulipa mara tatu.

Upande wa pili wapo wanaosema kadi ni anasa, tundu la laptopu linatosha. Kwa anayepika midundo tu na kusikiliza kwa hedfoni, ni kweli, na nisingemshauri anunue chochote. Siku anapoingiza sauti, mambo yanabadilika. Tundu la laptopu halina volti 48 zinazohitajiwa na maiki za kondensa za studio, wala halina kikuza sauti cha maana. Kubwa zaidi ni kuchelewa. Kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuishughulikia. Fungu la sampuli 128 kwa kilohezi 48 ni milisekunde 2.7, na mwimbaji halihisi. Fungu la 1,024 ni milisekunde 21, na kwa kuwa sauti inakusanywa ikiingia na ikitoka, mwimbaji anajisikia ikiwa zimepita zaidi ya milisekunde 40. Hapo ataburuta, ataimba nyuma ya mdundo, na prodyuza atadhani hajui kuhesabu.

Kinachoiwezesha kompyuta kutumia fungu dogo bila kukwaruza ni draiva. Kwenye Windows, njia iliyozoeleka ni ASIO, iliyobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani katika miaka ya 1990. Mac inayo yake, Core Audio. Kuna ASIO4ALL, ya bure, inayosaidia pale ambapo mtengenezaji hakutoa draiva, lakini ni daraja tu juu ya draiva za kawaida za Windows. Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza muuzaji ni kama kadi ina ASIO yake yenyewe, na kama bado inatolewa kwa toleo la Windows ulilo nalo. Kadi za mtumba huangukia hapa: chuma kizima, draiva imekufa.

Vile vikadi vya V8 vyenye vitufe vya vicheko na makofi navyo vinauzwa kama studio kamili. Ni vifaa vya kurusha matangazo mubashara kwa simu, na kwa kazi hiyo vinafaa. Kwa kurekodi muziki, mwangwi unaopakwa pale kwenye kitufe unaingia pamoja na sauti, na baadaye hakuna wa kuutoa.

Wengine wanasema USB ya kawaida haitoshi. USB 2.0 hupitisha hadi megabiti 480 kwa sekunde. Njia 18 za biti 24 kwa kilohezi 48 hazifiki 21. Umbo la tundu la USB-C halibadilishi hesabu hii.

Dai gumu zaidi ni la kelele: ukisikia muungurumo, kadi ni mbovu. Mara nyingi kadi haina kosa. Chomoa chaja, uache laptopu kwenye betri, usikilize tena. Muungurumo ukiisha, tatizo ni umeme: soketi isiyo na ethi, au adapta ya pini mbili iliyoiruka pini ya tatu. Muungurumo mzito wa chini ni umeme wetu wa hezi 50 unaoingia kwenye nyaya; tumia waya wa XLR na uutenge na waya wa umeme. Ikiwa ni mvumo wa juujuu kama mchele unaomwagwa, angalia maiki. Shure SM7B, wanayoitamani wengi kwa sababu ya picha za mitandaoni, inahitaji kukuzwa kwa angalau desibeli 60, na kadi ndogo nyingi hufika hapo kwa taabu, zikivuta mvumo. Hapo kweli kikuza sauti cha kadi ndicho cha kuangalia, na ndiyo sifa isiyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Na kelele iliyobaki ni feni, bodaboda na kuta tupu. Magodoro mawili yaliyosimamishwa nyuma ya mwimbaji yatafanya kazi ambayo kadi ya bei kubwa haiwezi.

Mwisho, lile dai la kununua kadi ya matundu manane ili ukue nayo. Anayerekodi kikundi cha taarabu au ngoma zinazopigwa pamoja anayahitaji leo, wala asisite. Anayeimba peke yake chumbani, matundu mawili yanamtosha.

Nenda dukani na laptopu yako, maiki yako na hedfoni zako. Omba kadi ichomekwe, draiva iwekwe, fungu lishushwe hadi 128, kisha imba dakika moja ukijisikiliza. Pandisha sauti mpaka juu ukiwa kimya, usikilize mvumo. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.