Papai, Mbuzi na Kipimo cha Korona

Miaka imepita lakini korona ikitajwa tu hakosi mtu wa kuuliza: "Na lile papai je?" Mimi ni muuguzi, na naona swali hilo limejibiwa kwa kejeli tu, pande zote mbili.

Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, hayati Rais Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu, zikarudi zina korona, wakati oili ya gari ilirudi haina. Mkurugenzi wa maabara akasimamishwa kazi, na takwimu zetu zikagota kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 kwa zaidi ya mwaka mzima.

Waliocheka walikosea. Kipimo cha PCR huzidisha vinasaba vya kirusi mara mamilioni, kwa hiyo uchafu kidogo tu kutoka sampuli ya jirani au kwenye glavu unatosha kuleta jibu la uongo. Papai likionyesha korona, kuna la kuchunguza.

Lakini kuruka kutoka hapo hadi kusema wagonjwa hawakuwa wagonjwa ni hesabu nyingine kabisa. Tuseme kipimo kinamkosea mtu 1 kati ya 100 wasioumwa. Pima watu 1,000 mtaani ambao wenye virusi ni 10: utapata karibu 10 wengine wa uongo, yaani nusu ya majibu hayafai. Kipimo hicho hicho ukikipeleka wodini, kwa watu 1,000 wanaohema kwa shida na 500 wana virusi kweli, wa uongo ni 5 tu. Basi papai halikutosha kufuta wagonjwa.

Kinachoniuma ni kwamba njia tulikuwa nayo siku nyingi. Kwenye upimaji wa UKIMWI, kipimo cha kwanza kikionyesha maambukizi, hufuata kipimo cha aina nyingine kabla mtu hajaambiwa. Hatufungi daftari. Ilikuwa ni kurudia sampuli zile kwenye maabara nyingine na kutangaza majibu, yawe ya aibu au la, huku hesabu ya wagonjwa ikiendelea.

Takwimu zilirudi katikati ya 2021, chini ya Rais Samia. Kabla ya hapo sisi wa nje tulikuwa tunapigiwa simu za misiba, na ukiuliza alikuwa anaumwa nini unaambiwa "changamoto ya upumuaji".